Ubao wa ratiba saiti: nini kihamie kwenye kompyuta, nini kibaki ukutani

Meneja wa mradi wa kampuni ya ujenzi ya daraja la tatu, aliyeko Dodoma, ameuliza hivi:

"Tunajenga hosteli ya ghorofa nne. Ratiba ya wiki iko kwenye ubao mkubwa katika ofisi ya saiti, kila fundi mkuu ana rangi yake ya karatasi za kunata. Mkurugenzi yuko Dar es Salaam na anataka tuhamie kwenye programu ndani ya mwezi mmoja, ili aone maendeleo bila kutupigia simu. Mwaka jana tulijaribu: mafomeni walipewa vishikwambi, baada ya wiki chache hakuna aliyejaza tena. Nianze na programu gani, na ubao niutoe lini?"

Injinia, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi: usiutoe. Kwa jengo la ukubwa huo sidhani kama itafika siku ya kuutoa kabisa. Swali la programu gani nitalifikia chini huko. Najua ndilo mkurugenzi analolisubiri, lakini katika yote uliyouliza ndilo lenye uzito mdogo.

Kinachowaponza wengi ni kudhani kuwa ubao ni ratiba ya kompyuta iliyokosa kompyuta. Hivi ni vitu viwili, na kila kimoja kina asili yake. Ratiba ya mradi mzima, ile ya mistari na tarehe, iliingia kwenye kompyuta zamani sana: mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani ilikuwa tayari inatafuta kwa mashine ya UNIVAC namna ya kujua ni kazi zipi, zikichelewa siku moja, zinachelewesha mradi mzima siku moja. Hiyo ni hesabu, na kompyuta inaiweza kuliko mtu yeyote. Ubao wa wiki ulitoka kwingine. Katika miaka ya 1990 watafiti wa usimamizi wa ujenzi Glenn Ballard na Greg Howell, hukohuko Marekani, walifuatilia saiti zilizokuwa na ratiba nzuri tu za kompyuta, wakakuta karibu nusu ya kazi zilizopangwa kwa wiki hazikamiliki ndani ya wiki hiyo. Dawa yao haikuwa hesabu kali zaidi. Walitaka anayekwenda kuifanya kazi ndiye aahidi, aahidi mbele ya wenzake, na aruhusiwe kusema "haiwezekani" kabla ya kuahidi. Vikaratasi vya rangi ukutani vimeenea kwenye saiti nyingi duniani pamoja na utaratibu huo.

Kwa hiyo ukutani kwako kuna hesabu na kuna ahadi, zimebandikwa pamoja. Hesabu ihame, tena haraka. Ahadi iache hapo ilipo.

Tazama karatasi moja tu. Ya njano, ya fundi umeme: "Paipu, slabu ya pili, upande wa mashariki. Watu 3. Jumanne na Jumatano." Nyuma yake kuna karatasi ya kijani ya nondo za chini, mbele yake kijani nyingine ya nondo za juu, kisha nyeupe ya ukaguzi wa mhandisi mshauri, kisha nyekundu ya kumwaga zege Ijumaa. Fundi umeme anapoibandika, fundi nondo aliyesimama pembeni anamwambia, "Jumanne asubuhi bado niko upande huo, nipishe mpaka mchana." Wa umeme anaing'oa, anaisogeza nusu siku, anaangalia Ijumaa, anasema ataongeza mtu mmoja. Hakuna aliyeandika barua wala kufungua kompyuta. Mazungumzo hayo hayakumaliza hata dakika moja, nayo ndiyo yaliyoamua kama zege litamwagwa Ijumaa au litasukumwa wiki ijayo.

Sasa iingize karatasi hiyohiyo kwenye programu kama wengi wanavyofanya. Inakuwa mstari: kazi za umeme, slabu ya pili, siku 2, imefikia asilimia 50. Asilimia 50 ya nini? Paipu zimelazwa zote ila boksi za taa hazijafungwa? Au nusu ya eneo imekamilika na nusu haijaguswa? Fundi nondo hawezi kulaza nondo za juu kwa asilimia 50. Anataka kujua anaingia au haingii. Kwa hiyo kabla hujagusa kompyuta, wekeni kanuni moja ubaoni: kwenye ratiba ya wiki kuna "imekwisha" na "haijaisha", basi. Na anayegeuza karatasi kuwa imekwisha si aliyeifanya kazi, ni yule mwenye kazi inayofuata, baada ya kwenda kuona kwa macho kwamba anaweza kuanza yake. Asilimia zibaki kwa mkadiriaji majenzi, kwenye hati za malipo, huko ndiko zina maana.

Kanuni hiyo peke yake itakuonyesha mambo ambayo hakuna programu itakuonyesha. Wengine niliowashauri waliishia hapo na wakaridhika.

Lakini wewe usiishie hapo, kwa sababu ubao una udhaifu wa kweli. Kwanza, hauoni mbali. Slabu ya pili ikichelewa siku tatu, mbao na mirunda iliyo chini yake nayo inachelewa kutoka, na kama kampuni haina seti nyingine, slabu ya tatu inasubiri mirunda hiyohiyo. Ukutani hakuna kinachosogea; karatasi za mwezi ujao zinabaki pale pale mpaka mtu azikumbuke. Hivyohivyo madirisha ya alumini yanayoagizwa Dar es Salaam na milango inayochongwa kwingine: tarehe ya kuagiza inatokana na tarehe ya kupiga lipu, na tarehe ya kupiga lipu imeshahama bila mtu kuisogeza.

Udhaifu wa pili ndio unaokula fedha. Karatasi ikishasogezwa haiachi alama. Tuseme michoro ya marekebisho ya ngazi imechelewa kutoka kwa mhandisi mshauri. Ubaoni karatasi ya ngazi inasogezwa wiki hii, inasogezwa wiki ijayo, inasogezwa tena, mpaka inachakaa na kuandikwa upya. Miezi mitano baadaye mnaomba nyongeza ya muda, mnaulizwa: kazi hiyo ilipangwa kuanza lini, ilizuiwa na nini, na mlituambia lini? Mafomeni wote wanakumbuka, ila kumbukumbu ya fomeni si ushahidi. Mikataba inayotumia Kitabu Chekundu cha 1999 cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inamtaka mkandarasi awasilishe ratiba ndani ya siku 28 tangu apokee taarifa ya kuanza kazi, airekebishe kila inapoacha kulingana na hali halisi, na atoe taarifa ya madai ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, jambo lililomchelewesha. Ukizipitisha siku hizo, mkataba wenyewe unakunyima nyongeza. Mikataba midogo iliyofuata nyaraka za Benki ya Dunia nayo huwa na kifungu kinachomruhusu msimamizi wa mradi kuzuia kiasi fulani kwenye malipo mpaka ratiba iliyorekebishwa iletwe. Fungua wa kwako usome kifungu cha ratiba na cha madai usiku wa leo, kabla ya kusoma tangazo lolote la programu.

Udhaifu wa tatu ni ule wa mkurugenzi: yuko mbali na ukuta. Huo ni mdogo na unatibika kwa simu yenye kamera.

Sasa vile vishikwambi vya mwaka jana. Hukueleza vilikufaje, lakini nimeona vikifa vingi na visa vyao vinafanana. Fomeni anaombwa, jioni, mikono ina saruji na gari la wafanyakazi linapiga honi, ajaze sehemu kumi na mbili. Anachojaza kinakwenda Dar es Salaam na hakirudi. Kesho yake bado anauliza kwa mdomo kama kokoto zimefika. Kisha wiki moja anaandika ukweli kwamba kazi nne hazikuisha, anapigiwa simu ya ukali kutoka makao makuu. Kuanzia siku hiyo kila kitu kinakwisha kwa wakati kwenye kishikwambi, huku jengo likiendelea kivyake. Wengi husema mafomeni wanaogopa teknolojia. Watu hao hao wanalipana kwa simu, wanatafuta bei za nondo kwenye makundi ya WhatsApp na kutumiana video za kazi mpaka usiku wa manane. Hawaogopi simu. Waliona tu kwamba chombo kile kinachukua kwao na hakiwapi kitu.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usinunue chochote. Kila siku, mkutano wa asubuhi ukiisha, piga picha ubao mzima kutoka sehemu ileile. Weka alama sakafuni kwa rangi kama itabidi. Hifadhi kwenye kompyuta ya ofisi kwa jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili zijipange zenyewe. Usitegemee kundi la WhatsApp kuwa kabati la nyaraka: picha ikitumwa huko kama picha, inapunguzwa ubora na inapoteza taarifa za ndani za lini ilipigwa. Ukilazimika kuipitishia huko, itume kama faili.

Wiki hiyohiyo anza kuandika sababu. Kila karatasi ambayo haikugeuzwa mwisho wa wiki ipewe sababu moja kutoka orodha fupi: vifaa, watu, mashine, michoro, ukaguzi, kazi iliyotangulia, mvua, fedha. Sababu inaandikwa mbele ya wote, siyo ofisini baadaye. Hili liingie kwenye jedwali la Excel la kawaida kabisa: tarehe, kazi, aliyeahidi, imekwisha au haijaisha, sababu. Safu tano. Wa kuliingiza ni mtu mmoja, msaidizi wako au karani wa saiti, na hakuna fomeni anayegusa. Sababu ya "fedha" ndiyo watakayoogopa kuiandika, kwa maana inamgusa bosi: fundi wa jipsamu hajalipwa awamu yake, kwa hiyo amepeleka watu wake saiti nyingine. Waandike. Katika zote, hiyo ndiyo mkurugenzi anayotakiwa kuiona, na ndiyo pekee ambayo anaweza kuiondoa akiwa Dar es Salaam.

Ratiba kuu ndiyo inayoingia kwenye programu yenyewe, na hapa ndipo kazi yako, Injinia, ilipo. Hosteli ya ghorofa nne haihitaji mistari elfu. Ukifika 200 umeshatosha. Ukizidi hapo umeanza kuhamishia ubao mzima ndani ya kompyuta, na hutaweza kuusasisha. Kila mstari uunganishwe na uliotangulia. Kosa ninalolikuta kila mara ni mtu kuandika tarehe moja moja kwa mkono kwenye kila kazi, akapata mchoro mzuri wa kuchapisha, halafu slabu ikichelewa hakuna kinachosogea. Huo ni ubao uleule, sasa unahitaji umeme. Ukitumia Microsoft Project, angalia hili: tangu toleo la 2010 kazi mpya huingia kwa mtindo wa kupangwa kwa mkono usipobadilisha mpangilio. Libadilishe kabla ya mstari wa kwanza. Na hata ukishabadilisha, usiandike tarehe ya kuanza kwenye kazi iliyounganishwa. Programu itaichukua kama amri ya kutoanza kabla ya siku hiyo, nanyi mkiwahi haitaileta kazi hiyo mapema.

Kalenda nayo inasahaulika. Programu nyingi zimezaliwa nchi zinazofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Saiti zetu zinafanya kazi Jumamosi pia. Usiporekebisha, ratiba itakudanganya siku moja kila wiki. Ingiza sikukuu, na Idd zote mbili ziachie nafasi kwa kuwa zinafuata mwandamo. Kumwagilia zege na kusubiri lishike hakujui Jumapili, kwa hiyo kazi za kusubiri zipe kalenda yake ya siku saba. Kazi za nje, mitaro na maeneo ya kupaki zipe kalenda ya mvua: kwa Dodoma miezi ya Desemba hadi Aprili ihesabu kwa tahadhari, na usinakili ratiba ya mradi wa Dar es Salaam wenye vuli na masika.

Kuna na hili dogo ambalo limewahi kuchekesha watu na kukasirisha wengine. Ubaoni mnaandika "zege saa 2" na kila mtu anajua ni asubuhi. Karani akiliingiza kama 2:00, programu inaelewa saa nane usiku, na kengele inawalilia watu wote wakati huo. Amueni mapema kwamba kwenye kompyuta ni 08:00.

Utaratibu wa wiki uwe hivi. Jumamosi mchana mnakutana mbele ya ubao, mnageuza karatasi, mnaandika sababu, mnaahidi wiki ijayo. Baada ya hapo wewe, au mtu mmoja uliyemteua, unaingiza kwenye ratiba kuu kilichoisha na kilichochelewa, programu inasukuma tarehe, unahifadhi nakala ya wiki hiyo kwa jina lake bila kuifuta ya nyuma. Nakala ya kwanza kabisa, ile iliyokubaliwa na mhandisi mshauri, ifunge na usiiguse. Ndiyo kipimo cha zote. Kisha chapisha wiki tatu zijazo kwa herufi kubwa na uibandike pembeni ya ubao kabla ya Jumatatu asubuhi. Hicho ndicho mafomeni hawakukipata mwaka jana. Wakiona kwamba karatasi waliyoigeuza Jumamosi imeisogeza tarehe ya mirunda yao Jumatatu, watakuwa wa kwanza kukukumbusha usasishe.

Ukianza kusikia mtu anauliza "kwenye kompyuta inasemaje?" kabla ya kusogeza karatasi, hapo ndipo pa kufikiria karatasi za kidijitali za wiki, tena kwa saiti ya mbali ambayo wewe hufiki kila siku. Si kabla.

Haya, programu gani. Kwa orodha ya ahadi na sababu, Excel au majedwali ya Google. Kwa ratiba kuu, Microsoft Project kama kampuni inayo tayari. Kama haina, ProjectLibre haina malipo, inafungua faili za Microsoft Project na kwa mistari 200 inatosha. Primavera P6, programu ya ratiba za miradi mikubwa, iache mpaka mteja aitaje kwenye mkataba, kwani utatumia muda mwingi kujifunza yenyewe kuliko kupanga jengo. Programu za kadi za simu, za aina ya Trello, ni nzuri machoni, lakini zijaribu kwanza huku umezima intaneti. Ikigoma kuandika bila mtandao, haifai saiti. Zile za kulipia kwa mwezi huhesabu vichwa na mara nyingi hulipwa kwa dola kwa kadi ya benki, kwa hiyo kabla ya kuvutiwa na bei ya mtu mmoja, zidisha kwa kila atakayehitaji kuingia. Na akaunti yoyote ifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni. Nimeona ratiba ya mradi mzima ikiondoka na injinia aliyehamia kampuni nyingine, kwa kuwa ilikuwa kwenye barua pepe yake binafsi.

Mkurugenzi mwambie kwamba mwezi mmoja unatosha kwa aliyoyaomba, yaani kuona bila kupiga simu. Kila Jumatatu atapata ukurasa mmoja: tarehe ya kumaliza kama ratiba inavyosema leo na ilivyosema wiki iliyopita, ahadi zilizotimia (kwa mfano 14 kati ya 22), sababu zilizotawala, na picha ya ubao. Hahitaji kufungua programu yoyote, na nakushauri usimpe nenosiri la kuhariri.

Ila zungumza naye jambo moja kabla hujaanza, na ulipate kwa maandishi. Wiki za mwanzo namba hiyo itakuwa mbaya, pengine nusu au chini ya nusu, kwa sababu kwa mara ya kwanza itakuwa ya kweli. Akimpigia fomeni simu kwa ajili ya namba hiyo, au akikata posho ya mtu, wiki inayofuata atapata 22 kati ya 22 na hatajua chochote tena kuhusu hosteli yake. Simu zake azielekeze kwenye sababu: kama ni vifaa, ampigie mtu wa manunuzi, kama ni michoro, aandike barua kwa mhandisi mshauri siku hiyohiyo.

Akikubali, anza Jumatatu ya kwanza baada ya kumwaga slabu, wakati watu wanamwagilia maji na kuna nafasi ya kukaa mbele ya ubao. Ukianza wiki ya maandalizi ya zege hakuna atakayekusikiliza.